Mdomo wa Vidole Vitatu

Mliponiaga pale Kasulu mlinipa kitenge, sufuria kubwa na saa ya ukutani. Mtu anastaafu, ninyi mnampa saa. Nimeitundika sebuleni hata hivyo. Wajukuu wamenieleza kwamba inakwenda mbele, nikawaambia waiache ikimbie, mimi nimeshafika. Lakini mliniomba pia jambo moja ambalo haliuzwi dukani: niandike niliyoyaona kazini, ili atakayekalia kile kigoda changu cha kazi chenye magurudumu asianze kama mtu anayepapasa gizani. Basi haya ndiyo. Kuhusu madaraja na mishahara sitaandika. Madaraja yalikuja yalipotaka, na mshahara nyote mnaujua.

Nitaandika kuhusu maumivu ya misuli ya taya. Kwanza, ndiyo yanayotudanganya kuliko maradhi mengine yote ya kinywa. Pili, aliyenifundisha kuyatibu, Daktari Nestori, hataandika mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiwa ameinamia kinywa cha mgonjwa, kwa hiyo husikii vizuri.

Mimi Zuhura ni mzaliwa wa Kasulu mjini, binti wa muuza vitambaa, na nilikuwa tabibu wa meno wa miaka mingi kabla sijahamishiwa Kibondo mwaka 2012. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na watu waliujua. Sokoni walinisalimia kwa kufungua mdomo wanionyeshe pengo, wakisema, "Hili ni lako, mama." Sijui fundi gani mwingine anayesifiwa kwa kitu ambacho hakipo tena.

Siku yangu ya kwanza Kibondo kulikuwa na ukungu na baridi ile ya huko juu, ya kumfanya mtu avae sweta chini ya koti jeupe. Chumba cha meno kilikuwa na dirisha moja zuri, kiti cha wagonjwa cha kupandisha kwa mguu, na sufuria ya mvuke ya kuchemshia vifaa juu ya jiko la mafuta ya taa. Kiti kile kilikuwa na tabia yake. Ulimpandisha mgonjwa, ukageuka kuchukua kioo, ukarudi ukamkuta ameshuka taratibu mpaka magotini mwako. Wagonjwa walidhani ni sehemu ya matibabu.

Daktari Nestori alikuwa amesimama dirishani, amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alikuwa daktari msaidizi wa meno, Muha wa Kasanda, mrefu, mpole, mdogo wangu kwa umri na mkubwa wangu kwa kazi. Nikajisemea, huyu ni mtu wa chai. Lakini mgonjwa alipoingia aliweka kikombe chini bila kukionja, akamshika yule mzee mashavu kwa vidole vyote, polepole. Chai ikapoa. Mgonjwa wa pili alipoitwa, alimimina nyingine kutoka kwenye chupa, akaikumbatia vilevile. Mchana nilimuuliza kama ana kidonda cha tumbo kinachomkataza kunywa.

"Hii ni chai ya vidole, Bi Zuhura," akasema. Akanieleza kwamba shavu likiguswa na kidole cha baridi, msuli hujikunja hapohapo, nawe utagusa ugumu ulioleta mwenyewe ukadhani ni ugonjwa wa mtu. Niliona ni maringo ya msomi. Baada ya wiki nami nilikuwa na kikombe changu.

Huku kwetu mnajua watu wanavyokuja. Haji mtu kuuliza ana nini. Anakuja ameshajihukumu, amefunga shavu kwa kitambaa, na kidole chake kipo juu ya jino: ng'oa hili. Ukimwambia jino ni zima, anaona unamnyima haki yake. Ametembea kutoka mbali, ameacha shamba, na hawezi kurudi nyumbani na meno yote kana kwamba alikwenda kutembea tu. Wengine hufika wakiwa wameshang'olewa jino moja au mawili kwingineko, na maumivu yapo palepale, yanawasubiri.

Daktari Nestori hakubishana nao. Alikuwa na utaratibu wake, nami nawaachia kama alivyoniachia. Aligonga kila jino taratibu kwa mpini wa kioo, akalimwagia tone la maji baridi, akatazama uso wa mgonjwa badala ya kutazama jino. Jino linaloumwa, alisema, lina anwani. Ukibisha hodi linaitika. Msuli hauna anwani. Leo uko shavuni, kesho sikioni, keshokutwa kwenye kipaji cha uso, na mgonjwa anaapa kwamba jino linahama. Kisha aliweka vidole vyake vya moto mashavuni, karibu na pembe ya taya, akamwambia mtu aume, aachie, aume, aachie. Jaribuni sasa hivi mnaposoma. Mtasikia kitu kinatuna na kulala chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia. Kwa mtu mwenye maumivu ya misuli, panya yule halali. Na ukimbonyeza, mgonjwa anaruka na kusema, hapo hapo, ndilo jino lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwisho alimwambia mgonjwa asimamishe vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, aviingize mdomoni kwa wima. Mdomo mzima unapokea vidole vitatu vya mwenyewe, awe mtoto au jitu. Vikiingia viwili, taya lina neno. Kikiingia kimoja, achana na mazungumzo mengine. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na hakihitaji umeme, ambao Kibondo siku hizo ulikuja kama mgeni rasmi.

Hapa niweke onyo moja, nisije nikaonekana nimefundisha kupapasa mashavu tu. Taya likijifunga, na mtu ana kidonda mahali, au shingo inakakamaa, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Mpelekeni wodini mbio, wala msianze kumkanda kwa maji ya moto. Taya likifunguka likakataa kufunga, ni jambo lingine tena. Aliletwa kwetu mwanakwaya mmoja aliyepiga miayo wakati wa mahubiri, taya likateguka, akabaki ameduwaa mbele ya waumini wote kama aliyeona malaika. Daktari Nestori alijifunga vitambaa kwenye vidole gumba vyote viwili, akabonyeza chini na nyuma, likarudi. Neno la kwanza la yule mtu lilikuwa ombi kwamba mchungaji asielezwe lilitegukaje.

Sasa nije kwa Mama Spesioza, maana yeye ndiye aliyenifundisha zaidi ya wote, akifuatiwa na daktari.

Alikuja mwaka uliofuata, wakati wa mvua, kutoka Kitahana. Mama wa makamo, mwembamba, mikono ya mkulima, mpole wa maneno. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na sasa ni Mtanzania mwenye shamba na kitambulisho, lakini lugha ya mama haikuhama mdomoni. Alitusalimia, "Bwakeye," akakaa, kiti kikashuka, akacheka upande mmoja tu wa uso. Upande wa kulia haukucheka. Meno mawili ya upande huo yalikuwa yameshang'olewa na mtu mwenye koleo ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi. Akatuwekea kidole juu ya la tatu.

"Ng'oa hili, dada," akaniambia. "Hayo mawili tuliyasingizia. Mwizi ni huyu."

Daktari aligonga, akamwaga tone la maji, akatazama uso. Hakuna jino lililoitika. Akashika mashavu, na alipofika pembe ya taya la kulia Mama Spesioza alimshika mkono kwa nguvu. Tukampima vidole. Kimoja kiliingia, cha pili kikaishia njiani.

Alipoona tunatazamana, akatueleza shida yake yote. Binti yake Konsolata alikuwa ameposwa na kijana wa Kasanda, na harusi ingekuwa baada ya mavuno ya mwakani. Kwao mama wa binti husuka kwa mkono wake mwenyewe vile vikapu vya harusi vyenye vifuniko vilivyochongoka, agaseke kwa lugha yao, ambavyo ndani yake hutiwa unga na maharage na kukabidhiwa upande wa mume. Mashangazi wa bwana harusi huvigeuza na kuvibonyeza. Kikilegea, wanaisoma nyumba aliyotoka binti. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomnyima usingizi. Vikapu vinapoinuliwa, mama mtu ndiye anayeanza impundu, vile vigelegele vya huku, na wanawake wengine humfuata yeye.

"Nikinyamaza watasema sikuridhia," akasema. "Mtoto wangu ataingia kwa watu na neno hilo. Na mdomo wenyewe ndio huu."

Akaufungua tena, kile kidole kimoja na nusu, machozi yakamtoka kwa maumivu. Nami nilikuwa nimesimama na trei ya vifaa mkononi. Niseme tu kwamba ningekuwa peke yangu siku ile na yule mama ananisihi hivyo, sijui kama mkono wangu mwepesi ungetulia.

Daktari Nestori alimweleza kwamba jino halina kosa, na likitoka halitarudi. Jino la pembe si dawa ya pengo. Akampa vidonge vya maumivu vya siku chache, akamfundisha kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni, kula ugali laini na ndizi za kuchemsha, kuachana na miwa na mahindi ya kuchoma. Halafu akampa ile sentensi yake ambayo nimewaimbia ninyi mpaka mkachoka: midomo ikutane, meno yasikutane. Meno hukutana wakati wa kula tu, alisema. Saa nyingine kila mmoja akae kwake. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nalima, muganga. Mihogo na maharage."

Akamuuliza kama anabeba mizigo mizito kichwani, kama anasaga meno usingizini, kama ana ugomvi na mtu. Hapana, labda, hapana. Akaenda zake.

Alirudi wiki kadhaa baadaye na ahueni ndogo, akarudi tena akiwa amezidiwa. Kila alichoambiwa alikuwa amekifanya. Miwa hajaigusa, kitambaa cha moto kila siku, hata nyama ya sikukuu aliwaachia watoto. Daktari alikaa dirishani na chai yake muda mrefu siku ile. Sikuwahi kumwona amefadhaika kabla. Mtu mwingine angemlaumu mgonjwa. Mmeona wanavyofanya: dawa ikishindwa, mgonjwa ndiye mkaidi. Yeye alisema, "Kuna kitu sijamuuliza."

Mara iliyofuata foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Mama Spesioza alikuwa wa mwisho kwenye benchi, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, alikuwa ametoa kikapu chake kwenye mfuko, anasuka. Nilitoka kuita mgonjwa. Sikuita. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

Mkono wa kushoto umeshika kikapu, wa kulia umeshika msumari ulionolewa wa kutobolea. Na ule uzi wa katani? Ulikuwa mdomoni. Aliuuma kwa magego ya kulia, akatoboa, akapitisha, akavuta kwa kichwa chote huku shingo imekaza, akauma tena mbele kidogo, akavuta. Alipofika kwenye uzi mnene aliupasua kwa meno ukawa nyuzi mbili nyembamba. Kila mvuto nilimwona panya wa shavuni akituna kama anataka kutoka. Na kila mvuto alifumba jicho la kulia, hajui kwamba analifumba.

Nilirudi ndani kinyumenyume, nikamwambia daktari aje na asiseme kitu. Tukasimama wawili kwenye ufa wa mlango kama wezi. Alitazama muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, mama." Aliniita mama siku nilizofanya jambo la maana tu, siku nyingine nilikuwa Bi Zuhura.

Alipoingia, daktari alimuuliza mbona hakutuambia kwamba anasuka. Akashangaa kabisa. "Mliniuliza kazi," akasema. "Hiyo si kazi, muganga. Hiyo ni kukaa."

Vijana, hapo pakumbukeni. Huku kwetu kazi ni jembe. Mwanamke akisuka, akipepeta, akichambua maharage mpaka jua linazama, ukimuuliza alikuwa anafanya nini atakwambia amekaa. Tulikuwa tumeuliza swali la daftari la hospitali na kupata jibu lake. Tangu siku ile Daktari Nestori hakuuliza tena mtu anafanya kazi gani. Aliuliza, "Ukikaa, mikono yako inafanya nini? Na mdomo je?" Nami nikauliza hivyohivyo mpaka siku mliponipa saa.

Kumwambia aache kuuma uzi kulikuwa rahisi. Alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa.

"Mikono miwili haitoshi," akasema. "Mmoja unashika, mmoja unatoboa. Mdomo ndio mkono wangu wa tatu. Mama yangu alisuka hivyo, na bibi."

Madaktari wengi hapo wangesema, basi chagua, vikapu au taya. Ningewaelewa. Foleni ilikuwa inanung'unika, na harusi si ugonjwa. Yeye alivuta kigoda, akakaa mbele yake, uso kwa uso, akasema, "Basi tutafute mkono mwingine." Akamwomba amfundishe kusuka.

Yaliyofuata nayacheka mpaka leo. Mtu mrefu vile, magoti masikioni, amekamata kikapu cha harusi cha watu. Alijaribu kushika uzi kwa kibanio cha nguo, kikatoka. Akajaribu kwa koleo yetu moja kuukuu, ikaukata. Akajaribu kwa vidole vya miguu, na hapo Mama Spesioza akacheka pande zote mbili, akashika shavu akiugua, akaendelea kucheka. Wagonjwa walikuja kuchungulia. Mzee mmoja mwenye jipu aliuliza kama leo meno yamefungwa. Mstari alioufuma daktari ulilegea vibaya mno. Mama Spesioza aliufumua palepale kwa upole, asimuumize moyo.

Walikubaliana aende nyumbani akajaribu, asiume uzi hata mmoja, na kikapu kikilegea akilete hivyohivyo. Alirudi nacho kimelegea. Akakiweka mezani kati ya vioo na sindano za ganzi, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira. Alisema taya limepoa, ni kweli, vidole viwili vinaingia, lakini atakwenda kwa mashangazi wa Kasanda na kitu kama hiki? Ng'oeni basi yote ya upande huo, akasema, nimalize vikapu vyangu kwa upande wa kushoto, na impundu atapiga Mungu mwenyewe.

Nilimtazama daktari. Hakumkemea wala hakumbembeleza. Alikichukua kile kikapu kilicholegea, akakigeuza, akakibonyeza kama shangazi. Akakiri kwamba kweli kimelegea, na kwamba yeye kama mtu wa Kasanda angekirudisha. Kisha akamwambia maneno ambayo nimeyaweka.

"Mimi najua taya, mama. Kusuka unajua wewe. Mkono wa tatu hauwezi kutoka kwangu. Lakini usiniletee jino zima nilizike. Nenda katafute, mimi nitakungoja hapa."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Tulikaa muda bila habari zake. Mvua zikaisha, kahawa ikaanza kukomaa, na kila mwanamke mwembamba aliyepita dirishani daktari alimtazama mara mbili. Mimi niliamini amekwenda kwa yule mwenye koleo. Alijua ninavyofikiri.

Alikuja siku ya soko, kikapu kikiwa ndani ya kanga. Akakaa, akapandisha gauni kidogo, akatuonyesha goti. Alikuwa amelifunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kilichokazwa vizuri juu ya kitambaa kisimchubue. Uzi aliuchomeka chini ya mpira, akaunyoosha mguu kidogo, ukakaza, akakunja, ukaachia. Mikono yote miwili ikabaki huru. Alikuwa ameanza na kamba, ikateleza; akajaribu gome la mgomba, likakatika; mwishoni akamwona mumewe anaziba pancha. Na mvuto wa paja, vijana, ni mrefu na mtulivu kuliko mvuto wa shingo. Kikapu kile kilikuwa kigumu kama kibuyu. Daktari Nestori alikibonyeza kila upande kwa dole gumba, akashindwa kupata mahali.

Sikumbuki kumwona mtu mzima akifurahi hivyo kwa kushindwa. Alimwita muuguzi wa chumba cha jirani aje aone goti. Alimwita na mfamasia. Akamwambia Mama Spesioza kwamba angetaka wanawake wote wa Kitahana wanaosuka waonyeshwe, naye akajibu kwamba wameshaonyeshwa, na sasa waume wao wanatafuta mipira yao ya baiskeli. Ndipo tukaanza kazi yetu, iliyokuwa imebaki ndogo. Kukanda kwa maji ya moto, ulimi juu kwenye paa la kinywa, kufungua polepole mbele ya kioo, kufunga polepole. Siku alipotoka kwetu mara ya mwisho vidole viwili viliingia vikiwa huru. Cha tatu kiligusa meno, kikakataa. Daktari alimwambia asikilazimishe. Kitaingia kikiona hakuna anayekitazama.

Mwanzoni mwa 2014 nilirudishwa Kasulu, kwenye chumba mnachokijua, na huko sikuwa na Daktari Nestori dirishani. Ndipo nilipojua nimebeba nini. Nakumbuka mmoja wa wale vijana wanaosukuma baiskeli za ndizi kutoka njia ya Manyovu, shehena inazidi urefu wake, milima ile mnaifahamu. Alikuja anataka magego mawili yatoke, moja kila upande, kwa usawa. Nilipasha vidole kwenye kikombe, nikagonga, nikamwaga maji, hakuna jino lililoitika. Nikamuuliza mdomo wake unafanya nini mlima unapopanda. Akafikiri, akaonyesha: alifunga meno mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilimwambia aweke kijiti laini cha mgomba katikati ya midomo, si katikati ya meno, akikidondosha ajue ameanza kuuma. Wenzake walimcheka kwamba amekuwa mbuzi. Alirudi kunisalimu na magego yote, na mkungu mmoja wa ndizi, ambao baadhi yenu mliula bila kuuliza ulitoka wapi. Na mwaka 2015, wageni walipoanza kuingia kutoka ng'ambo ya mpaka, wakikimbia Burundi, na wengi wao wakaja na taya zinazouma na meno yasiyo na doa, sikuhitaji kuuliza sana walikuwa wanauma nini. Nilipasha vidole tu.

Nimewaandikia kwa mpangilio mpaka hapa, ila harusi nimeiruka, na nimeiruka makusudi.

Ilikuwa kiangazi cha 2014, huko Kitahana. Mwaliko niliuletewa mpaka Kasulu kwa mdomo wa dereva wa basi, kwamba Mama Spesioza anasema dada wa meno asipokuja hatasamehewa. Nikaenda. Daktari Nestori nilimkuta ameshafika, amevaa koti la suti, amekaa upande wa bibi harusi. Nikamwuliza kwa nini Mkasanda amekaa upande wa wapinzani. Akasema yeye yuko upande wa taya.

Vikapu vilitolewa vimefunikwa kitambaa cheupe. Mashangazi wa Kasanda walikuwa wanawake watatu wanene wenye nyuso za mahakama. Walivipokea, wakavigeuza chini juu, wakavuta vifuniko, wakabonyeza. Mkubwa wao alibonyeza kimoja muda mrefu kwa dole gumba, pale ambapo nadhani mimi mwenyewe ningebonyeza. Nilijikuta nimeuma meno, mimi, mwalimu wa wengine. Kisha akawageukia wenzake.

"Karakomeye," akasema. Kimekaza.

Vikainuliwa. Na watu wote, upande ule na upande huu, wakamgeukia Mama Spesioza.

Alikuwa amesimama nyuma ya binti yake. Nilimwona anapeleka mkono kwenye shavu la kulia, kwenye pembe ya taya, vidole vimelala kama tulivyomwonyesha, akisikiliza kama panya amelala. Konsolata hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yamepanda juu. Kisha yule mama akashusha mkono, akainua kichwa, akafungua mdomo. Ukafunguka wote. Mahali nilipokaa niliyaona mapengo yake mawili, na impundu ikatoka, nyembamba kwanza, halafu ikapanda ikajaa ua mzima, na wanawake wa pande zote mbili wakaidaka, na mabega ya Konsolata yakashuka.

Nililia, sioni haya kusema. Daktari Nestori, kando yangu, hakupiga makofi. Aliinua mkono kidogo juu ya goti, ili nione mimi tu, na kunionyesha vidole vitatu.